Kahawa ya Kufukuzia

"Baba yako hakuzama."

Tuliachana hapo Jumamosi, au siyo? Mimi niko juu ya daraja, jua la Agosti linachoma utosi, na yule mzee wa kofia ya majani kaning'ang'ania mkono kana kwamba yeye ndiye anayezama. Nasikia wengine walilitukana gazeti lilivyokatia pale. Poleni. Hata mimi sikuwa na raha.

Na wewe uliyelishika leo kwa mara ya kwanza, usiondoke, nakupa haraka haraka. Naitwa Zijad. Shule nimemaliza, kazi hamna, kwa hiyo nazungusha watalii mji wa kale, hapa Mostar. Baba yangu, Ismet, alikuwa mmoja wa wale vijana wanaoruka mtoni kutoka juu ya daraja. Mwaka wa vita, mwaka uleule daraja lenyewe lilipopigwa likaanguka, alitoka usiku kwenda kuvuka mto Neretva, hakurudi. Mimi nilikuwa bado tumboni, mama alikuwa ameshatoroshwa mjini. Mwili haukuonekana, kaburi hatuna.

Bibi yangu Rabija, mama yake baba, ana miaka themanini na kitu. Akipanda ngazi anashika kifua. Kila nikimwona vile nawaza jambo moja tu: nimpate baba, hata kama ni mifupa, Bibi amzike kabla yeye mwenyewe hajaondoka.

Basi. Turudi darajani.

"Umesema nini?" nikamuuliza yule mzee.

"Hakuzama." Lugha yetu aliisema kwa kuipindapinda, kama mtu anayetafuna jiwe. "Mimi nilikuwa hapa. Vita. Dereva, lori la misaada. Unga, mafuta. Nimeona walipomzika."

Tangu asubuhi huyu alikuwa Bwana Hendrik, Mholanzi, mtalii asiyeuliza kitu. Nilimwonyesha minara, nikamwonyesha alama za risasi kwenye kuta, akawa anatikisa kichwa tu. Kumbe lugha anaijua!

"Walimzika wapi?"

"Kwanza nipeleke kwa mama yake."

"Nani kakwambia ana mama?"

Akaangalia maji kule chini, ya kijani, yanakwenda mbio. "Kila mtu ana mama, kijana."

Nilitaka kumtingisha mpaka ayatapike yote palepale. Lakini kundi langu zima lilikuwa linatutazama, na juu ya ukingo rafiki yangu Eldin kasimama na chupi ya kuogelea, anajimwagia maji ya chupa kifuani. Ndivyo wanavyofanya warukaji wetu. Neretva hata Agosti ni barafu, ukitoka juani ukaingia mzimamzima moyo unaweza kugoma.

"We Zijad!" akapiga kelele. "Watu wako wanauliza hili daraja ni la kweli au la kuigiza!"

"Waambie la kweli lilikufa. Hili ni mtoto wake."

"Niwaambie na baba mtu nani?"

"Acha ujinga. Shuka, nishikie kundi. Wapeleke kwa wafua shaba, wakinunua sinia, kamisheni yako."

Akashuka, anachuruzika maji. Akanivuta pembeni, sura ya utani imeshamtoka.

"Huyo babu wa kofia ni wa wapi?"

"Mholanzi."

"Mholanzi bibi yako! Umemwangalia miguu?"

Nilikuwa nimeiona ile miguu nikajifanya sijaiona. Jiwe la daraja letu linateleza kama sabuni. Ndiyo maana limewekewa matuta ya mawe, kutoka chini mpaka juu, mtu apate pa kukanyagia. Mgeni akipanda anainama, anatafuta tuta kwa macho, anajikwaa, anashika ukingo, anacheka kwa aibu. Wote hivyo. Anayepanda bila kuangalia chini ni aliyekulia hapa, ambaye miguu yake ilijifunza matuta kabla kichwa hakijajifunza kusoma.

"Kapanda anaangalia minara, mwanangu," Eldin akasema. "Usiende naye peke yako."

"Anajua alipo baba."

Eldin baba anaye, anagombana naye kila siku kwa sababu ya pikipiki. Angeniambia nini?

Nikaondoka na mzee.

Tulipita mtaa wa wafua shaba, nyundo zinalia kushoto na kulia, watu wanauziwa kalamu zilizotengenezwa kwa maganda ya risasi. Mzee anahema, lakini hasimami.

"Kitu kimoja, kijana," akasema. "Polisi hapana. Tunamtoa polepole, mnamzika, basi."

"Kwa nini polisi hapana?"

"Polisi, makaratasi, mifupa kwenye sanduku miaka na miaka. Bibi yako anayo hiyo miaka?"

Alinipata. Alijua pa kunipigia.

"Haya sema, yuko wapi?"

"Ua wa jirani yenu. Nyumba ya yule aliyekufa naye. Sefko."

Sefko! Rafiki wa baba, nyumba yake na yetu ukuta mmoja. Walitoka pamoja usiku ule, hawakurudi wote wawili. Kwenye jiwe la majina pale msikitini, la juu ni Ismet, la chini yake ni Sefko. Nimeyasoma hayo majina tangu nilipojua kusoma.

"Nyumba ile imeuzwa," nikamwambia. "Wanajenga hoteli."

"Najua. Kesho wanachimba bwawa la kuogelea. Nimeona ubao getini. Geti lina mnyororo." Akanigeukia. "Mnao bado ule mlango mdogo ukutani?"

Mlango mdogo! Kila nyumba ya kale huku kwetu inao, umetobolewa ukutani kati ya ua na ua, ili wanawake wakaombane chumvi na kusengenyana bila kukanyaga barabarani. Ila huwezi kuuona kutoka nje. Dereva wa lori la unga aliuonea wapi?

"Nilionyeshwa usiku ule," akawahi kunijibu, na swali nilikuwa bado sijalitoa.

Nikapunguza mwendo makusudi, nione. Mtaa unapogawanyika, watalii wote wanakwenda kulia, kwenye msikiti wenye mnara wa kupigia picha. Kushoto kuna ufa tu kati ya kuta mbili, punda anapita kwa taabu. Wewe ungeona ni pa kutupia takataka.

Mzee akaingia kushoto. Akatembea. Akaweka kiganja ukutani mahali palipo jiwe lililobonyea, ambapo na mimi huwa naweka kiganja, kwa sababu hapo pana ngazi imevunjika.

Ndipo akashtuka, akasimama. "Huku? Au huku?"

"Hukohuko," nikasema.

Bibi alikuwa uani, chini ya mkomamanga wetu, anachambua maharage kwa vidole. Macho yake yana ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Masikio sasa, usijaribu kuiba sukari.

"Bibi, nimeleta mgeni."

"Namsikia. Hatua nzito. Pandeni ndani, kuna baridi."

Kizingitini mzee akavua viatu. Hakuambiwa. Mimi kila siku nawapigia kelele watalii, vua, vua, jamani vua!

Tukakaa. Bibi akasimama mlangoni na bakuli lake.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Holland, mama. Hendrik."

"Mbali huko. Na joto hili."

Nikashindwa kuvumilia. "Bibi, anajua alipo baba! Hakuzama. Kazikwa. Huyu kaona!"

Nilitegemea aanguke. Nilishanyanyuka nimdake. Bibi alisimama tu. Harage moja likadondoka, likabiringika mpaka chini ya kabati, na sisi wote tukalisikiliza.

"Ngoja niweke kahawa," akasema.

"Bibi! Umenisikia lakini?"

"Sijawa kiziwi, roho yangu. Mgeni hawezi kusema jambo kubwa na koo kavu."

Akaenda jikoni. Nikasikia kinu cha kahawa, krr, krr, taratibu, kana kwamba tumetembelewa na mkaguzi wa mita ya maji. Nikakasirika. Halafu nikamwonea huruma, nikajiambia, hataki kusikia. Hajawahi kutaka. Wale watafuta mifupa walipokuja mtaani na sindano zao, kila mama aliyepoteza mtoto alitoa damu, ili kikipatikana kiungo popote kijulikane ni cha nani. Bibi peke yake alikataa. Walirudi tena na tena. Akawa anawapa keki, damu hawapi. Tulisema, maskini, hajakubali kuwa Ismet amekufa.

Sasa nifuate vizuri hapa, maana kila kitu kiligeuka kwa kikombe.

Huku kwetu mgeni anapewa kahawa mara tatu. Ya kwanza ya kumkaribisha. Ya pili ya kuongea naye. Ya tatu ya kumfukuza, na hakuna anayenuna, ni heshima kuliko kumwambia mtu ondoka. Nyumbani kwa Bibi ya kwanza inakuja na birika lake dogo la shaba, glasi ya maji baridi na lokumu, kile kitamu cha kunatanata chenye vumbi la sukari. Ya tatu inakuja imeshamiminwa kikombeni huko jikoni. Maji hamna. Lokumu hamna. Ukikiona kikombe kile mtaani kwetu, unaanza kutafuta viatu.

Bibi akaingia na sinia.

Kikombe kimoja. Kimeshamiminwa. Maji hamna.

"Bibi, umesahau lokumu," nikamnong'oneza, aibu imenijaa.

"Sijasahau."

Nikamwangalia mgeni. Mkono wake ulishaanza kwenda kwenye sinia, ukakwama hewani. Sura ikawa nyeupe kama mshumaa. Macho yakaruka mlangoni, kwenye viatu vyake, na makalio yakanyanyuka kwenye kiti, kidogo tu, kiti kikalia kwii. Halafu akajirudisha.

"Asante, mama," akasema. "Tamu sana."

"Hujaionja."

Mkono wake ukarudi pajani.

"Mholanzi angekunywa," Bibi akasema. "Angesifu, angeomba na picha ya kikombe. Wewe umenyanyuka. Nimekisikia kiti." Akaliweka sinia mezani polepole, akaifuta mikono kwenye aproni. "Karibu nyumbani, jirani. Karibu, Sefko."

Jamani!

Nilimtazama yule mzee nikisubiri acheke, akatae, aseme Sefko ni nani. Akavua kofia. Alipofungua mdomo, lile jiwe alilokuwa anatafuna halikuwepo tena. Ilitoka Mostar tupu, Mostar ya mtaa huuhuu, lafudhi ya wauza samaki wa zamani.

"Umezeeka, Rabija."

"Na wewe umefufuka."

Nikamrukia, nikamkaba ukosi wa shati. "Jina lako liko kwenye jiwe! Watu wanakuombea! Umekuja kutuchezea?"

"Mwache aongee," Bibi akasema. "Huyu akikatika pumzi hapa hatutajua kitu."

Nikamwachia. Akakohoa, akaanza, macho sakafuni.

"Tulikuwa uani kwangu, tunafunga kamba za kuvukia. Kombora likaanguka. Ismet akafia mikononi mwangu. Nikamzika palepale, kwa mikono hii. Nikachanganyikiwa, Rabija. Nikapata lori, nikaondoka. Nikapata jina jingine huko, mke, watoto. Nitarudije niseme mimi ni hai na Ismet siyo?"

"Kombora," Bibi akasema.

"Kombora. Wallahi."

"Na leo umefuata nini?"

"Kesho wanachimba. Watamtupa kwenye kifusi kama mbwa. Nimekuja tumtoe."

Mimi nilikuwa nalia bila kujua. Nilimchukia na nilimshukuru, vyote pamoja. Uwongo wote ule, sawa, atajibu kwa Mungu. Lakini baba yuko hatua chache kutoka hapa! Miaka yote nimelala upande wa pili wa ukuta!

"Bibi, natafuta nyundo. Ule mlango umeshika kutu."

"Usitafute nyundo." Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo kwenye uzi mweusi. Nilidhani ni hirizi, toka nizaliwe. "Unafunguka."

Mlango mdogo uko nyuma ya kuni. Nikazisogeza. Nikatia ufunguo, nikasukuma kwa bega kwa nguvu zangu zote, nusura nianguke. Uliteleza kama mlango wa benki. Bawaba zilikuwa na mafuta. Mafuta mapya, yalinichafua mkono.

Nikajiuliza? Nikajiuliza, ndiyo. Ila nilikuwa nataka baba, siyo majibu.

Upande wa pili mafundi walikuwa wamekwenda kula, machepe yao yameegemezwa kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Majani kiunoni. Kisima kimeziba. Mforosadi wa Sefko umebaki kisiki.

"Hapa," Sefko akasema, ananyoosha kidole. "Kati ya kisima na mti."

Nikachimba. Udongo mkavu juu, chini mwekundu. Nilichimba kama kichaa, jasho na machozi vinaingia mdomoni. Kila nikigusa jiwe moyo unaruka. Hamna. Nikapanua. Hamna.

"Nipishe!" Sefko akaingia shimoni, anafukua kwa kucha, mzee wa watu anapumua kama mbwa. "Hapa! Nilimweka hapa, kichwa huku!"

Akafukua mpaka kiunoni. Akatoa kipande cha kamba iliyooza. Akakikunjua, akakitazama. Halafu akainua uso, na sijawahi kuona mtu kaogopa vile, hata yule mtalii aliyeteleza darajani mwaka jana.

"Nani kamtoa?" akauliza.

"Mimi."

Bibi alikuwa kwenye mlango mdogo, mkono mmoja umeshika fremu, mwingine umebeba kile kikombe cha kahawa ambacho hakikunywewa.

"Rabija..."

"Makombora tulikuwa tunayajua mlio, Sefko. Mji mzima tulikuwa tunayajua kama majina ya watoto wetu. Usiku ule upande huu halikuanguka hata moja. Nilisikia chepe. Halafu nikasikia lori. Nikapita mlango huu nikuulize mna nini." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Udongo ulikuwa unacheza."

"Alikuwa amekufa!" Sefko akapiga kelele. "Nilimsikiliza kifua!"

"Ulisikiliza vibaya. Aliishi mpaka adhana ya alfajiri. Akaniambia. Dereva alikuwa na nafasi ya mtu mmoja chini ya magunia, na nafasi ilikuwa ya Ismet, amfuate mkewe mwenye mimba. Ulimpiga na chepe kisogoni, jirani. Kwa ajili ya kulala chini ya unga."

Nilisubiri akatae. Nilitamani akatae, nakwambia kweli. Akakaa kwenye udongo, ile kamba mkononi.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Tulikuwa tunaogopa wote."

"Bibi," nikasema. "Baba yuko wapi?"

"Mkomamanga."

Nikageuka. Kupitia mlango mdogo unauona vizuri, umejaa matunda mekundu, mengine yameshapasuka. Nimekula makomamanga yale kila mwaka wa maisha yangu. Nimepanda yale matawi. Siku moja, mdogo, nilikojoa pale chini, Bibi akanichapa mpaka majirani wakaja, akanichapa huku yeye ndiye analia. Na kila Alhamisi anakaa pale na tasbihi. Nilisema anapenda kivuli.

Ndiyo maana damu hakutoa! Atoe ya nini, wakati mtoto wake yuko pale, na yeye anamfagilia majani kila asubuhi?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia, ungesoma dua, ungepoa. Mji ungejua Ismet kapatikana, na huyu huko aliko angejua hapa hana tena kitu chake. Nilitaka ajue bado kipo. Nilitaka asilale. Nikautia mlango mafuta, nikamngoja."

Akainama taratibu, akashika kifua, akaweka kikombe kizingitini.

"Hii hukuinywa, jirani."

Halafu akageuza uso upande wangu. Macho yale ya ukungu. Bibi yangu anayenipulizia supu mpaka leo.

"Chepe unalo, roho yangu," akasema. "Ukimaliza, gonga."

Akavuta mlango. Haukutoa mlio. Nikasikia ufunguo unazunguka.

Geti la barabarani lina mnyororo. Ukuta ni mrefu. Sisi wawili, na shimo. Mzee yuko ndani yake mpaka kiunoni, mimi juu, na kisogo chake kipara kinawaka jua. Kisogo, ndugu zangu. Palepale alipompigia baba.

Kule darajani watu wakapiga makofi na mayowe. Eldin karuka.

Nikainua chepe. Sijui niliinua kwa nini. Mikono iliinua.

Sefko hakujikinga. Hakupiga hata magoti. Alinitazama kwa kunihurumia, ndicho kilichonitia wazimu.

"Una mabega yake," akasema. "Piga. Nimechoka. Ila kuna kitu utakuja kujiuliza siku moja, heri ujiulize leo ningali nasikia."

"Funga mdomo!"

"Aliishi mpaka alfajiri, kasema mwenyewe. Usiku mzima, Zijad. Na hospitali ya vita ilikuwa handaki la mtaa wa pili, unafika kabla sigara haijaisha. Daktari alikuwepo. Mimi na Ismet tulikuwa tunapeleka majeruhi pale kila siku." Akafuta udongo mdomoni. "Muulize bibi yako kwa nini hakumpeleka."

Chepe likawa zito.

Nikarudi nyuma mpaka mlango mdogo, macho kwake, nikagonga kwa kisigino.

"Bibi?"

Alikuwa hajaondoka. Namsikia anavyopumua, karibu kabisa, kama ameegemeza paji la uso kwenye ubao uleule ninaouegemea mimi.

"Bibi, kwa nini hukumpeleka kwa daktari?"

Miguuni kwangu kahawa imeshapoa, imejitengenezea utando. Nikangoja. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema.

Halafu nikasikia ufunguo unatolewa kwenye tundu.